Maswali yenu: Wanasaini Gigiri, sisi huku inatuhusu vipi?

Mwezi huu meseji zimekuja nyingi kuhusu mikataba ya mazingira, nadhani ile kesi ya vijana waliokamatwa na siafu ndio imewaamsha watu, maana zamani safu hii ilikuwa ni takataka na mitaro tu. Nimechagua zile ninazoweza kujibu bila kuzunguka. Kuna mbili tatu zilikuwa za kumsema jirani, hizo nimewaachia chifu.

*Mwalimu habari yako. Mimi ni dereva wa matatu ya Ruaka. Kukiwa na mkutano pale Gigiri basi Limuru Road inakuwa hatari, misafara, polisi kila kona, abiria wanachoka wanashuka wanatembea. Nataka kujua tu, hao watu huwa wanasaini nini huko ndani, na hizo karatasi zimewahi kumsaidia mtu wa kawaida? — Dereva, Ruaka*

Dereva wangu, pole na jamu. Lakini hiyo barabara unayoilaani ina historia yake. UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, liliundwa 1972 na Kenya ikapigana kiume makao yake yaje Nairobi, leo yako hapo Gigiri, na kabla ya hapo Umoja wa Mataifa haukuwa umewahi kuweka makao makuu ya shirika lake kwenye nchi zinazoendelea. Halafu tarehe 22 Mei 1992, hapa hapa Nairobi, ndipo nchi zilipokubaliana maneno ya Mkataba wa Bayoanuwai, yaani mkataba wa kulinda uhai wote kuanzia ndovu mpaka vijidudu vya kwenye udongo. Wiki mbili baadaye wakapanda ndege wakaenda kuusaini Rio de Janeiro, na Rio ikachukua sifa zote. Ndio maana siku ya bayoanuwai duniani ni 22 Mei, hiyo tarehe imetoka kwetu ingawa wengi hapa mjini hawana habari nayo.

Sasa mikutano mingi unayoiona hapo Gigiri hakuna kinachosainiwa. Watu wanakaa wanabishania sentensi moja mpaka usiku wa manane, hii iwe lazima ama iwe hiari, nani alipe, nani asubiri. Na hata wakisaini bado. Kusaini ni kama kutuma wazee wabishe hodi ukweni, mahari haijatolewa na ndoa haipo. Ndoa ni pale nchi inaporidhia, kwa sheria zake za nyumbani. Marekani ilisaini huo wa bayoanuwai 1993 na mpaka leo haijauridhia, wako nje wanachungulia dirishani huku nchi 195 pamoja na Umoja wa Ulaya ziko ndani. Kenya iliridhia 1994. Na tangu Katiba ya 2010, kifungu cha 2(6), mkataba wowote ambao Kenya imeridhia ni sehemu ya sheria za Kenya, kwa hivyo wakili anaweza kuusoma mbele ya jaji Milimani na asikike.

Kuhusu kusaidia, nikuambie ukweli bila kupaka rangi. Mkataba wa bayoanuwai wenyewe hauna polisi wala faini. 2010 nchi zilijiwekea malengo 20 ya miaka kumi kule Aichi, Japani, na ikafika 2020 ripoti yao wenyewe ikasema hakuna hata lengo moja lililotimia lote. Hata moja! Lakini kuna Mkataba wa Montreal wa 1987, ule wa tabaka la ozoni, huo ulifanya kazi vizuri sana na sababu si siri, uliongezewa mfuko wa pesa za kusaidia nchi maskini kubadilisha mitambo, na ukafunga biashara ya gesi zinazoharibu ozoni na nchi ambazo hazijajiunga. Pesa na biashara. Ukiona mkataba hauna hayo mawili ujue mzigo wote umeachiwa sheria ya nyumbani. Angalia mifuko ya plastiki, ilipigwa marufuku Agosti 2017 kwa notisi ya gazeti rasmi la serikali, na faini ilikuwa kati ya milioni mbili na nne ama jela mpaka miaka minne, na ndani ya mwezi mmoja mama mboga wote wamebadilisha mfuko. Mkataba wa plastiki wa dunia nzima ulianzishwa hapo hapo Gigiri Machi 2022, wakazunguka nchi mpaka nchi, Agosti 2025 wakatoka Geneva mikono mitupu. Kwa hivyo siku nyingine ukikwama hapo kwenye jamu na abiria wakuulize wanafanya nini, waambie wanabishana nani alipe, hutakuwa umekosea sana.

*Mwalimu hebu nisaidie. Wale vijana wawili wa Ubelgiji walipigwa faini milioni moja kila mmoja kwa sababu ya siafu. Siafu jamani! Mimi hapa Umoja nawamwagia maji moto kila wiki, na mimi nitashikwa? Na hiyo mikataba si ni ya ndovu na vifaru, siafu wameingilia wapi? — Mama wa Umoja*

Mama, endelea na maji yako moto, hakuna mtu wa KWS, shirika la wanyamapori, anakuja Umoja kuhesabu siafu wako. Lakini ile kesi si ya kuchekelea vile watu walivyoichekelea.

Vijana walishikwa Aprili 2025 kwenye nyumba ya wageni huko Naivasha wakiwa na siafu karibu 5,000. Si siafu wa jikoni, ni wale wakubwa wanaokusanya mbegu za nyasi, na waliobebwa walikuwa malkia, wamewekwa kwenye vichupa na pamba ndani ili wasife njiani. Hiyo pamba ndiyo ilinishtua mimi kuliko hata idadi, maana inaonyesha mtu alikaa akapanga, akajua safari ni ya siku ngapi na mdudu anahitaji nini. Na malkia mmoja ni kiota kizima cha kesho. Ukimtoa hujatoa mdudu mmoja, umetoa wote ambao angewazaa, na hao ndio wanaosambaza mbegu za nyasi na kuchimbua udongo kule ambako ng'ombe na pundamilia wanakula. Wanunuzi wako Ulaya na Asia, ni watu wanaofuga siafu ndani ya vioo sebuleni, na wanalipa pesa nzuri tu. Kesi nyingine ya wakati huo ilikuwa ya raia wa Vietnam na Mkenya mmoja, hao walikuwa na siafu mia kadhaa, na wote wanne hukumu ikawa moja tarehe 7 Mei, milioni ama miezi 12 ndani.

Sasa wameingilia wapi. Kuna CITES, mkataba wa 1973 unaosimamia biashara ya wanyama na mimea kati ya nchi na nchi, huo una orodha, na siafu hao hawakuwa kwenye hiyo orodha walipokamatwa. Wengi waliposikia hivyo wakasema basi hakuna kosa. Si kweli. Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya 2013 haingoji CITES, ukibeba ama kuuza mnyamapori hai wa nchi hii bila kibali umekosa, awe na miguu minne ama sita. Hiyo ndiyo iliyowatia hatiani. Na juu yake KWS wakataja Itifaki ya Nagoya, na hapa mama naomba ukae kidogo, maana hapa ndipo pana utamu.

Nagoya ilikubaliwa Japani 2010 ikaanza kazi 2014. Inasema hivi, ukitaka kuchukua kiumbe cha nchi ya watu ili utengeneze kitu kutokana na vinasaba vyake (DNA), omba ruhusa kwanza, na mwandikiane mtagawana vipi faida. Sisi tulijifunza umuhimu wake kwa maumivu. Miaka ya 1990 watafiti wa nje walichota matope na maji kwenye maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, Bogoria ikiwemo, wakapata vijidudu vinavyoishi kwenye maji moto yenye magadi ambayo yangekutoa ngozi. Kutoka kwa vijidudu hivyo vikatoka vimeng'enya (enzymes) vya kufanya jinzi zichujuke rangi, zile jinzi za kuonekana zimevaliwa miaka kumi na ni za jana. Zile zile tunakuja kununua Gikomba zikiwa mitumba! KWS ikadai kwa miaka mingi kwamba sampuli zilitoka bila kibali chake. Baadaye 2007 ikasaini mkataba wa kugawana faida na kampuni ya vimeng'enya ya Denmark, na hiyo ni hatua, lakini yale yaliyokwishaondoka yalishaondoka.

Kwa hivyo mtu akibeba malkia 5,000 kwa vichupa anaiba mara mbili, anaiba kiumbe na anaiba nafasi yetu ya kukaa mezani siku kitakapozaa pesa. Na kuna upande mwingine ambao hata hatukuutaja, hao siafu wakitoroka huko walikopelekwa wanaweza kuwa balaa. Waulize watu wa Baringo kuhusu mathenge, ule mti ulioletwa miaka ya 1980 kwa nia nzuri kabisa ya kuzuia jangwa, ukameza malisho, na wenyeji wakaleta mbuzi asiye na meno mbele ya mahakama awe ushahidi wa vile maganda ya huo mti yanavyoharibu mdomo wa mnyama.

*Niaje Mwalimu. Nauza miche na maua pale Ngong Road. Kuna mteja wangu amehamia Ujerumani, anataka nimtumie aloe zetu za hapa na zile euphorbia fupi, dada yake anasafiri mwezi ujao atabeba kwenye sanduku. Iko shida? — Kijana wa Miche*

Iko, mdogo wangu, na ni nzuri umeuliza kabla sanduku halijafika uwanja wa ndege wa JKIA.

Watu wakisikia CITES wanafikiria meno ya ndovu tu, na si ajabu, sisi wenyewe tumeona moshi. Julai 1989 Rais Moi alichoma tani 12 kwenye mbuga ya Nairobi na kabla mwaka haujaisha CITES ikapiga marufuku biashara ya pembe za ndovu duniani, halafu Aprili 2016 Rais Uhuru akachoma tani 105. Lakini orodha ya CITES ina aina zaidi ya 40,000 na nyingi zaidi ni mimea. Aloe zote ziko ndani isipokuwa ile ya kawaida ya kujipaka, aloe vera. Baadhi, zile adimu sana, ziko kwenye jedwali la kwanza ambalo ni kali, nyingine ziko la pili, ambalo biashara inaruhusiwa ila kwa kibali. Euphorbia za kuhifadhi maji nyingi ziko huko la pili pia. Na okidi zote, na kakatasi karibu zote, ukitaka kujua.

Kwa hivyo unatakiwa kibali cha CITES kutoka KWS, cheti cha afya ya mimea kutoka KEPHIS, na Ulaya nao wana yao, mpokeaji anatakiwa atafute kibali cha kuingiza kabla mzigo haujaondoka, si baada. Kusema ni zawadi ama ni mzigo wa kibinafsi haisaidii kwa mmea ulio hai. Cha muhimu zaidi kwako wewe muuzaji ni uweze kuonyesha miche umeizalisha mwenyewe kwenye kitalu, kwa hivyo weka daftari, mmea mama ulitoka wapi, ulikata lini, umepata miche mingapi. Aloe za kung'olewa porini huko Laikipia ama Samburu na kuletwa na pikapu usiku, hizo hata usizitie kwenye kitalu chako, Kenya ina kanuni zake za aloe tangu 2007 na zinakuhusu hata kama huuzi nje. Nitakuambia na hili, mteja akisikia hizo karatasi akasema basi wacha, mwache. Akikwambia atapata njia yake, mwache haraka zaidi.

*Mwalimu salamu. Mimi ni mzee wa Kitengela, nina ekari zangu si mbali na mbuga ya Nairobi. Vijana wangu wamesoma kwenye simu kwamba dunia imekubaliana asilimia 30 ya ardhi iwe ya wanyama ikifika 2030. Sasa nauliza, hiyo asilimia itatoka wapi, si ni kwetu? — Mzee wa Kitengela*

Mzee wangu, shikamoo. Vijana wamesoma kitu cha kweli ila wamekisoma nusu. Desemba 2022 huko Montreal, Kanada, nchi zilikubaliana mpango unaoitwa wa Kunming na Montreal, una malengo 23, na la tatu linasema angalau asilimia 30 ya nchi kavu, ya maji ya bara na ya bahari ihifadhiwe na kusimamiwa vizuri kufikia 2030. Ni asilimia 30 ya dunia kwa jumla, si kila kata itoe thelathini zake. Lengo hilo hilo linasema haki za jamii za wenyeji ziheshimiwe, pamoja na haki zao juu ya ardhi zao za jadi, na linakubali kuhesabu hata ardhi ambayo si mbuga, kama zile hifadhi za jamii ambazo mwenye ng'ombe anabaki na ng'ombe wake na hati yake.

Lakini sitakwambia ulale usingizi mzito, kwa sababu hofu yako haikutoka hewani. Waogiek, jamii ya wenyeji wa msitu wa Mau, walikuwa wakitolewa humo kwa jina la kuhifadhi msitu. Walienda mpaka Mahakama ya Afrika kule Arusha, na 2017 mahakama ikasema serikali ya Kenya imevunja haki zao, na kwamba haikuonyesha kuwa wao ndio walioharibu msitu. 2022 ikaagiza walipwe fidia. Kushinda wameshinda. Ardhi yenyewe ni hadithi nyingine ndefu.

Huko kwako mimi naona tatizo ni kinyume kabisa na unavyoogopa. Mbuga ya Nairobi ni kilomita za mraba 117 tu, ipo tangu 1946, imezungushiwa ua pande zote ila kusini, na wewe ndio kusini. Nyumbu na pundamilia walikuwa wanatoka wanapita kwenye mashamba yenu wakati wa mvua wanarudi wakati wa kiangazi. Kilichofunga njia yao ni ploti, hamsini kwa mia, ua, godauni, na hakuna mpango wa Montreal uliowatuma mabroka. Tangu 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye mashamba dola 4 kwa ekari kwa mwaka wasijenge ua, na wengine walikubali, lakini mzee unajua wewe mwenyewe bei ya ploti Kitengela, dola nne zitashindana na hiyo kweli?

Shamba lenye hati yako likitakiwa na serikali ni lazima ufidiwe, hiyo ni kifungu cha 40 cha Katiba. Na mtu akianza kuharibu huko, kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani bila hata kuonyesha wewe binafsi umepata hasara, hilo wengi hawalijui. Ni kweli mahakama si dawa ya kila kitu, reli ya SGR ilipopelekwa katikati ya mbuga kulikuwa na amri ya jopo la mazingira ya kusimamisha kazi tangu 2016, na 2018 kazi ikaendelea na nguzo zile unaziona leo ukiwa Mombasa Road. Bado nenda kwenye vikao vya kusikiliza wananchi, na uombe maoni yako yaandikwe kwenye kumbukumbu, maana jopo linaanza na karatasi.

*Mwalimu, mimi ni mwanafunzi Kahawa West. Kwenye hiyo mikutano wanataja mabilioni ya dola. Yako wapi? — Mwanafunzi*

Mengi yako kwenye sentensi bado. Mpango ule wa 2022 unataka dola bilioni 200 kwa mwaka kufikia 2030 kutoka kila upande, na ndani yake nchi tajiri ziwape zinazoendelea bilioni 20 kwa mwaka kufikia 2025 na 30 kufikia 2030. Kikao cha Cali, Kolombia, mwishoni mwa 2024 kilivunjika pesa zikiwa bado zinabishaniwa, wajumbe wengine walishakimbilia ndege zao, ikabidi wamalizie Roma Februari 2025. Kitu kimoja kipya kilichotoka hapo ni Mfuko wa Cali, kampuni zinazopata faida kutokana na taarifa za vinasaba zilizo kwenye kompyuta zinaombwa zitoe asilimia 1 ya faida ama 0.1 ya mapato, na angalau nusu iende kwa jamii za wenyeji. Soma tena lile jibu la Bogoria utaona kwa nini hili lina maana, siku hizi mtu hahitaji kubeba matope, anapakua tu. Shida ni hilo neno zinaombwa. Kikao kilichopangwa baada ya hapo ni cha Yerevan, Armenia, 2026, kama unatafuta mada ya tasnifu hiyo hapo.

*Shosho yetu ana kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, miaka mingi sana, anaongea mpaka anaita watoto kwa majina. Jirani anasema ni haramu. — Wajukuu, Dagoretti*

Jirani hajakosea sana. Huyo ni kasuku wa misitu ya Kongo na Afrika Magharibi, na kwenye mkutano wa CITES wa Johannesburg 2016 alipandishwa mpaka jedwali la kwanza kwa sababu walikuwa wanakamatwa ovyo porini kwa biashara. Kumfuga hapa Kenya bila kibali cha KWS ni kosa. Msimwachilie aruke, hatajua kujilisha, na msimuuze. Nendeni ofisi ya KWS pale Lang'ata Road mueleze alipatikana vipi na yuko na nyinyi tangu lini, muulize taratibu za kumsajili. Aende mmoja wenu mzima, si shosho, zile foleni zitamchosha. Na Desemba mkienda ushago, kasuku abaki Nairobi mpaka karatasi zitoke.